Kandege Hakangoji Kilio

Mudogo yangu Kahongya alikuja kwangu Butembo kukaa juma mbili. Juma mbili, njo neno alisema kwa mudomo yake mwenyewe. Vita ya kwanza ilikuwa imepita. Bwana yangu Kambere alikuwa amepanda lori ya batu kuelekea Kisangani na mizigo ya chumvi na sabuni, na hakurudia, yeye wala lori. Nilibaki na batoto bane na nyumba ya udongo pale mutaa ya Vungi. Donc basi Kahongya akatoka mulima yetu ya Vuhovi na kamufuko kake, akasema, «Yaya, nitakusaidia kidogo, halafu nirudie.» Batoto bangu bakang'oka meno, bakaota mengine, vita ya pili ikaanza, Kahongya angali kwenye baraza yangu anapasua kuni.

Sisemi alikuwa muvivu. Afazali muvivu! Muvivu unamufukuza na majirani banakuelewa. Kahongya alikuwa anaamuka mbele ya kuku. Anachota maji, anawasha moto, anafua mpaka kaptula za batoto. Rébecca wangu akishikwa na homa, ni Kahongya anamubeba mugongoni mpaka hospitali. Halafu anasukuma chukudu yake, ile baisikeli ya mbao yenye magurudumu mbili, mpaka Vuhovi kulima kipande nilichokuwa nakodisha, na kurudi anarudi na maharagi na ndizi. Mutu sawa vile utamufukuza namna gani? Mais lakini alikuwa anakaribia myaka makumi ine, na hakuwa na muke. Mwanamume muzima, ndevu ziko, anasuka batoto ba dada yake nywele! Majirani balikuwa bananiuliza kwa heshima kama ako na ugonjwa.

Ugonjwa hakuwa nayo. Shamba njo hakuwa nayo. Kwetu, mwanamume bila shamba habatamupa muke, hata awe na sura ya malaika. Mulima ya baba yetu ilikatwa: kipande kwa mukubwa, kipande kwa anayefuata, kipande kwa anayefuata tena, na Kahongya, mwisho wa tumbo, zamu yake ilipofika kulikuwa kumebaki njia ya kupitia. Na muchumba alikuwepo! Kanyere, binti wa Vuhovi, wa mikono na wa akili, alikuwa amekataa babili kwa ajili yake. Mbuzi za mahari nilikuwa nimefuga mimi. Askari bakakula mbili, nikafuga zingine. Baba ya Kanyere hakuwa mubaya, alisema tu, «Kavira, mbuzi nimeziona. Sasa munionyeshe binti yangu atalima wapi.»

Nilimutuma Kahongya kule Beni, kwa binamu yetu, kwenye mashamba ya kakao. Nilijisemea, kule chini udongo bado uko, atapata kakipande. Alirudi anatetemeka meno, malaria imemukula mpaka macho ya njano. Sisi batu ba baridi, Beni inatuuaka. Nilimuwekea blanketi zote za nyumba, nikamunywesha uji, na siku alipopata nguvu ya kusema, nikamuuliza, «Enhe? Kakao?»

«Yaya,» akasema, «kule kwenye pori ya chini kuna kandege sawa kale ketu. Ni kale kale. Mais kanaimba wimbo ingine!»

Yesu Maria. Ninatuma mutu kutafuta shamba, ananiletea habari ya ndege.

Sasa kandege. Lazima niwaelezee kandege, juu bila kandege hamutaelewa kwa nini mushipa wa kichwa yangu unapigaka mpaka leo. Chini ya kile kipande nilichokuwa nakodisha Vuhovi kuna bonde ya maji, mafunjo tupu, na katikati ya mafunjo kuna kamulima kakavu kenye miti ya zamani. Tunakaitaka kisiwa. Bashefu ba zamani banalala mule, donc hapana kukata muti, hapana kuokota hata kuni. Milima yote ya kando ilikuwaka pori wakati ya babu zetu. Leo ni mikaratusi na maharagi, na pori imebaki paka pale kisiwani tu.

Na kandege kamebaki mule na pori yake. Ni kadogo, kanaenea ndani ya ngumi. Mugongo ni kijani ya majani yaliyokomaa, kifua ni manjano kidogo, bawa ni fupi na ya duara. Bawa sawa ile, Kahongya alikuwa anasema, ni ya kupita katikati ya majani, hapana ya safari. Kuvuka mafunjo, pahali pa wazi, na mwewe anazunguka juu, kanaogopa sawa mufanya biashara anavyoogopa barabara ya Kanyabayonga. Kakizaliwa kisiwani, kanakufa kisiwani.

Kahongya alikuwa anakula muhogo yake ya saa sita kule kisiwani, amekaa juu ya muzizi, na tundege tunamukaribia mpaka kwenye magoti, juu mule hakuna mutu anayetega. Kila mangaribi, kwa meza yangu, ilikuwa mafundisho. Tundege tunajenga kiota na kuvu ya miti na utando wa buibui, kwenye tawi ya chini, kimo cha kifua cha mutu. Kule Beni alikuta mayai tatu ndani ya kiota. Kisiwani ni mbili, na mwaka wa mvua mubaya ni moja. «Juu ya nini?» batoto banamuuliza. «Juu nafasi ni kidogo,» anasema. «Tukizaa sana, tutakaa wapi?» Na ile wimbo: mbele ya jua kutoka, kila baba anaimba kwenye kona yake, kumuambia jirani, hapa ni kwangu, usikanyage. Batoto ba kandege banajifunza wimbo kwa baba yao, njo maana wimbo ya kisiwa na wimbo ya Beni zimeachana, sawa lugha yetu Kinande, ya Lubero na ya Beni.

Haya. Mpaka pale ningevumilia. Mais siku moja akaleta ingine.

«Yaya, batoto ba mwaka jana habatoke.»

«Banaenda wapi? Si ulisema hakuna pa kwenda?»

«Njo hivyo. Kila kona iko na mwenyewe. Donc banabaki kwa mama yao, na mama akizaa tena, ni bao banabeba bidudu kulisha badogo babo. Mimi nimeona. Kuna moja yenye muguu ya kupinda, tunamuita Kilema. Msimu huu ni wa tatu analisha badogo.»

Batoto bote bakamuangalia, bakaniangalia mimi. Hata Rébecca, na alikuwa mudogo, alielewa. Kahongya peke yake njo hakuelewa, anatafuna sombe yake ya majani ya muhogo, macho inang'aa kwa furaha ya Kilema. Nilitaka kumutupia mwiko.

«Na huyo Kilema,» nikamuuliza, «mama yake hamuambiake aoe?»

«Atapata kona siku itafunguka,» akasema.

Ikafunguka. Siku moja mwewe akakamata baba ya kona ya ngambo. Kahongya aliona manyoya yanashuka. Akasema, umande haujakauka, Kilema alishakuwa pale anaimba, hapa ni kwangu, hapa ni kwangu, na yule mujane amekaa kwenye tawi anamusikiliza. Asubuhi ile ile! Kahongya alinielezea mara mbili, anapiga mikono. Na mimi nikafurahi, nikafikiri, labda sasa mutu huyu ataelewa namna dunia inavyoenda.

Mwaka ule ule, Phinées akauawa. Phinées alikuwa jirani wa kipande yangu Vuhovi, mwenye shamba nzuri, udongo mweusi, inashuka toka njia mpaka kwenye mafunjo, mbele ya kisiwa kabisa. Alikuwa anarudi soko ya Kanyabayonga ndani ya lori, bakapigwa risasi njiani, na nani, kila mutu alikuwa na jibu yake. Nyumba yake nayo ikachomwa juma iliyofuata, wakati bunduki zilipita Vuhovi. Muke yake Mariette akachukua batoto akakimbilia Beni kwa batu bake, halafu tukasikia alivuka Uganda, halafu hatukusikia tena kitu. Shamba ikabaki wazi, magugu inapanda.

Mwenye udongo kule ni muzee Vagheni. Neno yake ni moja na kila mutu anaijua: shamba iliyoachwa, mutu wa kwanza kupiga jembe na kupanda mbele ya mvua, akileta mbuzi, ni yake. Nikakimbia nyumbani kumuambia Kahongya. Nilikuwa ninacheka peke yangu barabarani sawa kichaa.

«Kahongya! Kona yako imefunguka!»

Akaweka shoka chini. Akafikiri. Akasema, «Vuhovi haijamaliza kilio.»

Na hapa njo muelewe mateso yangu. Kwetu, mutu akikufa juu ya mulima, mulima muzima habashike jembe mpaka azikwe na siku za kilio ziishe. Kuvuna ya kula, sawa. Kuchota maji, sawa. Mais kufungua udongo, hapana. Udongo unafunguliwa kwa ajili ya mutu mumoja tu, maiti. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, sipingi. Mais ile ni sheria ya wakati batu balikuwa banakufa kwa zamu, muzee huyu mwaka huu, muzee yule mwaka kesho. Vita ilikuwa imekuja! Kilio ya Phinées iliisha siku ya ine, na siku ile ile mama mukongwe mumoja akakufa kwa muoyo. Akazikwa, kilio yake ikawa inaisha, vijana babili bakapigwa risasi kwenye barière ya askari. Tukalia vijana. Tukapangusa machozi, katekista akakufa na kolera. Mulima ya Vuhovi ilikaa karibu msimu muzima bila jembe kugusa udongo. Batu banalia na banakonda.

Na nani alikuwa wa kwanza kwa kila kilio? Nani anabeba kuni ya kilio, nani anachimba kaburi, nani anakesha na wafiwa mpaka siku ya mwisho? Sitataja jina.

«Kahongya,» nilimuambia, «Kilema alilia siku ngapi?»

«Yaya, yule ni ndege.»

«Ninajua ni ndege! Ni wewe uliniletea ndege ndani ya nyumba! Kandege hakangoji kilio, na kako na nyumba. Wewe uko na nini?»

Akatabasamu. Ah, ile tabasamu yake. Akasema, «Niko na majirani.» Utamufanya nini mutu sawa huyu?

Na kulikuwa na mutu mwingine ametamani ile shamba, shemeji ya komanda mumoja wa pale. Yeye alitaka udongo wa Phinées, na akishapata udongo, alisema wazi, ataingia kisiwani kupasua mbao, juu kwa bashefu bamekufa zamani haoni shida. Alikuwa ameleta batumishi ba Vuhovi kulima, batumishi bakamuambia, patron, kuna kilio, hatushike jembe. Akatukana sana. Halafu akasema, muzuri, ataleta batu ba mbali, bale habajui kilio yetu. Siku ya tatu batafika na lori ya jeshi. Na kwa magharibi mawingu ilikuwa imeanza kukaa nzito. Baba ya Kanyere naye alikuwa amenitumia neno: mvua ikianza na hakuna shamba, binti ataenda kwa mutu wa Lubero ambaye anamuposa. Kanyere alikuwa amelia, mais muzee naye alikuwa na haki. Mwanamuke hawezi kungoja mpaka vita ichoke.

Nikapanga. Nikafunga mbegu ya maharagi ndani ya kikwembe, nikaachia batoto kwa jirani, nikapanda Vuhovi. Njiani nilikuwa naomba Bikira Maria kitu kimoja tu: asikufe mutu. Katekista kilio yake inaisha leo, kesho asubuhi Kahongya atashika jembe, mimi nyuma yake na mbegu, tutamaliza hata nusu mbele ya lori kufika.

Nilifika asubuhi. Nikasikia kilio toka ngambo ya mulima. Muzee mumoja, wa myaka mingi, ameshiba siku, amelala na hakuamuka. Ningeweza kulia, mais kwa hasira. Nikamuuliza mwanamuke wa njiani, «Kahongya wangu ako wapi?» Akanijibu sawa ninamuuliza jua inatokeaka wapi: «Si anachimba kaburi, mama?»

Nikashuka mpaka shambani ya Phinées. Hakuna mutu, mulima muzima uko kwa mazishi. Ndani ya kibanda ya kipande yangu jembe ya Kahongya ilikuwa imesimama, ile ya mupini mufupi, na alama aliyochoma mwenyewe kwa moto. Kaburi alikuwa anachimba na pelle, ile koleo ya parokia. Nikaangalia jembe. Nikaangalia mawingu. Toka kisiwani kandege kakaanza kuimba, hapa ni kwangu, hapa ni kwangu, na nikakaambia kwa sauti, «Na wewe nyamaza, nimesikia!»

Nikakunja kikwembe, nikalima.

Sikulima kwa kujificha. Nililima toka njiani, pale kila mutu anaona, nikashuka. Magugu ya Phinées ilikuwa imefika kiuno. Nilikuwa nalima na nabishana: na Kahongya, na baba yetu aliyemuachia njia, na Kambere aliyepanda lori ya batu, na bale benye bunduki bote, wa huku na wa kule. Udongo ule ni muzuri, unafunguka vizuri. Nilipanda mistari mpaka nikaona batu banarudi kwa mazishi, bamesimama juu ya njia, mikono kwa mudomo. Kahongya katikati yabo, udongo ya kaburi ingali kwenye magoti. Sura yake ilikuwa ya mutu aliyepigwa kofi. Sikusimama. Nilimaliza mustari yangu.

Tukaitwa kwa Vagheni siku ile ile, ndani ya uwanja yake, kwenye mabenchi ya kanisa. Shemeji ya komanda naye akakuja, na pistolet kiunoni, na lori yake bado iko njiani. Alisema haraka sana: mwanamuke huyu amelima kwenye kilio, kazi yake ni bure, shamba ni wazi. Batu bakaguna. Bamama ba wafiwa habakutaka hata kuniangalia, na ile iliniuma, nasema ukweli.

Vagheni ni mutu mufupi, anasemaka pole pole mpaka unataka kumusukuma. Akaniuliza, «Kavira, ulilima?»

«Nililima.»

«Ulijua kuna kilio?»

«Nina masikio, muzee. Ilikuwa inalia mpaka chini.»

Mutu mumoja akacheka, akanyamazishwa. Vagheni akaomba jembe. Ikaletwa. Akaigeuza, akaangalia mupini, akaonyesha bazee, moja kwa moja, bila haraka, Mungu wangu.

«Jembe ni ya nani?»

«Ya Kahongya,» bakasema bote.

«Kosa ni ya mukono,» Vagheni akasema. «Shamba ni ya jembe. Njo sheria tuliikuta. Mukono utaleta kuku na jerikani ya pombe ya kasiksi kwa wafiwa, na kilio ikiisha utapalilia shamba yabo. Jembe imelima mbele ya mvua. Kahongya, unakubali shamba?»

Shemeji ya komanda akasimama, akasema maneno ya Lingala ambayo sitarudilia, akatoka. Bazee habakugeuza hata shingo. Bote tulikuwa tunangoja Kahongya ajibu. Na Kahongya anafikiri! Mutu amepewa shamba mbele ya batu, muchumba yake amesimama kwa mulango anatafuna kidole, dada yake amehukumiwa kwa ajili yake, na yeye anaangalia vidole vya miguu.

«Sema ndiyo!» nikapiga kelele. Vagheni akaniinulia mukono.

«Nakubali,» Kahongya akasema, «mais kwa kuchunga. Mariette akirudi, tutasemezana.»

Weee! Nilikaa chini.

Donc akaoa. Mvua ikanyesha, maharagi yangu ya zambi ikaota vizuri kuliko ya batu batakatifu bote, akajenga nyumba, Kanyere akaingia. Alitoka kwangu na kale kamufuko, asubuhi moja, na hakurudia kulala hata siku moja. Kisiwa haikuguswa, juu mulango ya kisiwa ni ile shamba, na hakuna aliyepita. Mimi Butembo nilianza kupasua kuni yangu mwenyewe. Rébecca alikuwa anauliza kila siku kama nongo, mujomba yake, ataleta lini habari za Kilema, na mimi namuambia, muko na masomo, kuleni.

Myaka ikapita, bunduki zikapungua, barabara ya Beni ikafunguka vizuri. Siku moja mama wa soko akaniambia, «Umesikia? Mariette wa Phinées amerudi. Ako Vuhovi na batoto bake batatu.»

Niliacha ndizi zangu juu ya meza. Nilipanda pikipiki, mimi ninayeogopa pikipiki, na njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilimujua mudogo yangu! Nilijua atafanya nini. Atakunja mukeka, atamuambia Mariette karibu kwako, na atarudi kwenye baraza yangu na muke na batoto, kukaa juma mbili. Nililima ile shamba! Nililipa kuku! Nilitukanwa na bamama! Nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele mbele ya pikipiki kusimama.

«Kahongya! Uko wapi? Mupumbafu wewe, umefanya nini?»

Alikuwa chini, shambani, anapanda miti ya mipaka. Mustari mupya, kutoka njiani mpaka kwenye mafunjo, unakata shamba katikati. Batoto ba Mariette banamushikia miche. Mariette mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya nyumba anamenya muhogo, amekonda, akaniona akasimama haraka sawa mutu anayefukuzwa. Nikamuangalia, na hasira ikanishinda tena, hapana juu yake, juu ya yote. «Katikati!» nikapiga kelele. «Umekata katikati! Na batoto bako batakula nini? Batakula majirani?»

Kanyere akatoka ndani ya nyumba. Alikuwa na mimba kubwa na mutoto mwingine ameshika kikwembe yake. Hakunikimbilia kunisalimu kama zamani. Akasimama kwenye mulango yake, akapangusa mikono.

«Yaya Kavira,» akasema, «hapa hatupandishaka sauti.»

«Unasema na mimi?»

«Ninasema na wewe, na heshima. Ni mimi nilisema shamba ikatwe katikati. Mume yangu alitaka kurudisha yote, nikamuambia hapana, Mariette ako na haki yake na mimi niko na batoto. Tulikaa na Mariette, tukapima, bazee balikuja bakaona. Imeisha. Ingia ndani, utakuwa umechoka na pikipiki. Mariette, kaa, dada yangu, ni dada ya Kahongya, anasemaka hivyo.»

Anasemaka hivyo! Nikaingia. Nitafanya nini? Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Bakanipa kiti, ile moja yenye mugongo. Bakaleta maji ya kunawa, Kanyere mwenyewe amenishikia beseni, na bugali, na kuku, kuku muzima, na bamemuchinja wakati nilikuwa ningali nakasirika. Kahongya akanawa, akakaa kwenye kiti chake. Zamani nikikohoa tu, alikuwa anasimama. Sasa nilikohoa, akanisogezea maji, akaendelea kukaa. Nilipomaliza nikashika sahani kwenda kuosha, juu mikono yangu haijui kukaa, na Kanyere akazichukua mikononi mwangu pole.

«Mugeni haoshake sahani kwangu,» akasema.

Mugeni. Mimi, nilikuwa mugeni kwa Kahongya. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufunika Vuhovi nzima, na ndani ya ile hasira nilikuwa na furaha mpaka niliogopa itaonekana. Nikaangalia mukeka, nikaangalia dari, sikutaka aone macho yangu.

«Yaya,» Kahongya akaniuliza, sawa vile mwenye nyumba anauliza, «umeshiba?»

«Hapana,» nikamuambia. «Niongezee.»